Dawa za Kifafa Hufanyaje Kazi Ubongoni? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wagonjwa na jamaa zao, wahudumu wa afya ya jamii, na wanafunzi wa uuguzi na utabibu kuanzia Nakuru hadi Busia. Miligramu zimetajwa kwa sababu bila hizo maelezo hubaki hewani; hazimpi mtu ruhusa ya kujipimia dawa. Dozi yako hubadilishwa na anayekutibu, basi.

Mtu anapoanguka kifafa, ni nini hasa kinachotokea kichwani?

Seli za neva huzungumza kwa umeme mdogo na kwa kemikali. Kuta za seli zina vitundu vya kupitishia ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme. Sodiamu na kalsiamu zikiingia, seli huwaka. Kloraidi ikiingia au potasiamu ikitoka, seli hutulia. Kemikali kuu ya kuwasha huitwa glutameti, na ya kutuliza huitwa GABA. Kwa kawaida seli hupokezana zamu. Kwenye kifafa, kundi zima huwaka kwa pamoja, tena na tena, na lisipozuiwa huwasha na majirani.

Vyanzo ni vingi: malaria iliyopanda kichwani, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa kwenye ajali ya boda boda, kiharusi, mabuu ya tegu wa nguruwe, au urithi. Vyanzo hutofautiana, lakini ule moto wa mwisho ni mmoja, ndiyo maana watu wawili wenye historia tofauti kabisa huandikiwa tembe zilezile. Na kwa kuwa swali hili halikosi: povu la mdomoni haliambukizi mtu yeyote.

Kwa hiyo dawa zote za kifafa hukaa kwenye vipokezi?

Hapana, na kosa hili husikika hata darasani. Kipokezi ni protini inayosubiri kemikali fulani ije kuishika ndipo ifanye kazi. Fenobabitoni na jamii ya diazepamu kweli hufanya kazi kwenye kipokezi, kile cha GABA. Perampaneli nayo hukaa kwenye kipokezi cha glutameti. Lakini fenitoini, kabamazepini na lamotrijini hazigusi vipokezi hivyo. Hufunga mifereji ya sodiamu, yaani vile vitundu vya kuipitishia, ambayo hufunguliwa na mabadiliko ya umeme wa seli yenyewe. Ethosuksimaidi hufunga mfereji wa kalsiamu. Vigabatrini huzuia kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha kazi ya kemikali, kinachovunja GABA. Levetirasetamu huenda kwenye vifuko vinavyobeba kemikali ndani ya ncha ya neva.

Tofauti hizi si za kitabuni tu. Ndizo zinazoeleza kwa nini dawa moja humpa mtu usingizi na nyingine humpa kizunguzungu, na kwa nini dawa nzuri kwa mjomba inaweza kumwongezea mpwa wake mishtuko ya kifafa.

Kipokezi cha GABA kikoje, na diazepamu inatofautianaje na fenobabitoni?

Kile kinachohusika zaidi huitwa GABA-A. Ni protini tano zilizosimama kwa duara kama mbao za pipa, katikati pakiwa na tundu la kupitishia kloraidi. Aina iliyo nyingi zaidi ubongoni ina alfa mbili, beta mbili na gama moja. GABA hukaa kwenye mishono miwili, kila mmoja ukiwa kati ya beta na alfa. Ikishakaa, tundu hufunguka kwa muda mfupi mno, kloraidi huingia na chaji yake hasi, na seli huwa nzito kuwaka.

Diazepamu, lorazepamu, midazolamu na klonazepamu hukaa kwenye mshono mwingine, kati ya alfa na gama. Hazifungui tundu zenyewe. Huifanya GABA ishike vizuri zaidi, hivyo tundu hufunguka mara nyingi zaidi. Fenobabitoni huzama chini, kwenye sehemu ya kipokezi iliyomo ndani ya utando wa seli, na kazi yake ni kulifanya tundu lililofunguka likae wazi kwa muda mrefu zaidi.

"Mara nyingi zaidi" na "muda mrefu zaidi" huonekana kama kitu cha kukariri kwa ajili ya mtihani, lakini maisha ya mtu yamo humo. Fikiria lori kwenye mteremko wa Salgaa. Diazepamu ni utingo anayemsukumia dereva mguu kwenye breki: dereva, yaani GABA, asipokuwepo, utingo hana la kufanya. Fenobabitoni kwa dozi ya kawaida ni utingo vilevile, lakini ikizidi sana hukanyaga breki yenyewe, dereva awepo asiwepo. Sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi nayo husimama. Ndiyo sababu fenobabitoni iliyozidi huua peke yake, ilhali tembe za diazepamu peke yake huua kwa nadra. Changanya diazepamu na pombe au na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, na hesabu hiyo hubadilika kabisa.

Diazepamu ina dawa ya kuiondoa kwenye mshono wake, flumazenili. Kwa mgonjwa wa kifafa hiyo ni hatari, kwa kuwa breki inaachiwa ghafla na mshtuko unaweza kurudi. Fenobabitoni haina kitu kama hicho. Mgonjwa husaidiwa kupumua hadi dawa itoke mwilini.

Kwa nini fenobabitoni humezwa mara moja tu, tena usiku?

Kwa sababu haina haraka ya kutoka. Kwa mtu mzima, nusu yake huchukua siku tatu hadi tano hivi kuondoka mwilini. Dozi moja ya usiku inatosha, na usingizi inaoleta humpata mgonjwa akiwa kitandani. Mtu mzima huanza na miligramu 60, yaani tembe mbili za 30, na anaweza kupandishwa taratibu hadi 180.

Upande wa pili wa uvivu huo ni kwamba kiwango cha damu huchukua wiki mbili hadi tatu kutulia. Mtu akianza Jumatatu na kuanguka Ijumaa, dawa haijashindwa; haijafika. Kuongeza tembe kila baada ya siku mbili ni kujirundikia dozi ambayo uzito wake utaonekana wiki ya tatu, mgonjwa akiyumba na kulala mchana kutwa. Watoto wengine hufanya kinyume: badala ya kusinzia, huwa watukutu na hawatulii darasani. Wazazi hudhani ni utundu. Ni dawa.

Ni dawa ya zamani. Alfred Hauptmann aliitambua kuwa inazuia kifafa mwaka 1912. Pia iko chini ya mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, kwa hivyo usishangae chemisti akikudai karatasi ya daktari.

Mshtuko umepita dakika tano. Kwa nini kila mtu anasema kimbia?

Kwa sababu kipokezi chenyewe hukimbia. Mshtuko ukiendelea, seli huanza kuvuta ndani vipokezi vya GABA-A vilivyokuwa juu ya utando wake, hasa vile vyenye gama, ambavyo ndivyo diazepamu inavihitaji. Wakati huohuo vipokezi vya glutameti vya aina ya NMDA hupanda juu. Breki zinapungua, mafuta yanaongezeka. Diazepamu ambayo ingezima mshtuko dakika ya sita inaweza kukuta nusu saa baadaye pa kushika hakuna. Dozi ileile, mgonjwa yuleyule, ila milango imeondolewa.

Mshtuko mwingi huisha wenyewe ndani ya dakika mbili au tatu. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kutazama saa ya simu. Mwondoe kwenye moto, maji au barabara, mlaze kwa ubavu, legeza kola. Usimtie kijiko, kitambaa wala maji mdomoni, usimshike kwa nguvu. Ikifika dakika tano, au mshtuko wa pili ukianza kabla fahamu hazijarudi, safari ya hospitali ianze. Anayetoka kisiwa cha Mfangano kwa mashua asisubiri hata hizo tano.

Diazepamu ya njia ya haja kubwa ndiyo inayofaa mahali pasipo na mtu wa kutafuta mshipa. Kwa mtoto ni miligramu 0.5 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 6. Chupa ndogo ya sindano huwa na miligramu 10 ndani ya mililita 2, kwa hiyo ni mililita 1.2. Dawa huvutwa kwa bomba la mililita 2, sindano huondolewa, bomba huingizwa sentimita 4 hadi 5, dawa husukumwa, kisha makalio hubanwa pamoja kwa dakika kadhaa isitoke. Kwa mshipa ni miligramu 0.3 kwa kilo, polepole kwa dakika nzima, mfuko wa kupulizia hewa ukiwa karibu.

Makosa tunayoyajua ni matatu. La kwanza ni kuchoma diazepamu kwenye msuli: hufyonzwa polepole na bila mpango. Anayelazimika kuchoma msuli atumie midazolamu, miligramu 10 kwa mwenye zaidi ya kilo 40 na 5 kwa wa kilo 13 hadi 40. La pili ni kusahau sukari. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuwa anatetemeka kwa sababu sukari imeshuka, na hakuna kipokezi kitakachomsaidia bila glukosi. La tatu ni kuendelea kurudia diazepamu dozi ya tatu na ya nne. Vipokezi vimekwisha kufichwa, kinachoongezeka ni hatari ya pumzi kusimama. Baada ya dozi mbili huingizwa dawa yenye njia tofauti: fenitoini au fenobabitoni ya mshipa, levetirasetamu, au valproeti. Hata hizo huzima karibu nusu tu ya mishtuko iliyokwisha kuishinda diazepamu. Dakika za mwanzo hazina mbadala.

Kama diazepamu ni nzuri hivyo, kwa nini nisiimeze kila siku?

Vipokezi huzoea. Baada ya wiki chache za matumizi ya kila siku, kipokezi hubadilika na dozi ya jana haitoshi leo. Ukiongeza, utazoea tena. Ukiacha, mishtuko hurudi kwa kishindo. Klonazepamu na klobazamu hutumika kila siku kwa wagonjwa wachache, kwa mpango maalumu. Tembe za diazepamu zinazouzwa rejareja "za kulala" hazimo katika mpango wowote.

Kwa watoto wachanga fenobabitoni mara nyingine haizimi mshtuko. Imeharibika?

La. Ubongo wa mtoto mchanga bado una kloraidi nyingi ndani ya seli, kwa hiyo tundu la GABA-A likifunguka, kloraidi inaweza kutoka badala ya kuingia, na GABA ikawasha badala ya kutuliza. Hata hivyo fenobabitoni ndiyo dawa ya kwanza kwao, miligramu 20 kwa kilo kuanzia, pamoja na kupima sukari.

Fenitoini na kabamazepini zinafanya nini kwenye mfereji wa sodiamu?

Mfereji wa sodiamu una hali tatu: umefungwa ukisubiri, umefunguka, na umejifunga kwa muda ili upumzike. Dawa hizi huushika ukiwa kwenye mapumziko na kuurefushia. Seli inayowaka kwa kiasi haina mifereji mingi iliyopumzika, kwa hiyo haiguswi sana. Seli inayowaka mfululizo, kama wakati wa mshtuko, ina mingi, na dawa huikamata hiyo. Huu ni ubunifu wa kupendeza: dawa inamchagua mkosaji kwa kosa lake. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza kabamazepini na bado akaenda kuuza samaki sokoni bila kusinzia.

Fenitoini, iliyotambuliwa na Merritt na Putnam mwaka 1938, ina tabia moja ya kuudhi. Vimeng'enya vya ini vinavyoivunja hujaa. Kabla havijajaa, ukiongeza dozi kidogo kiwango hupanda kidogo. Vikishajaa, nyongeza ndogo huifanya damu ifurike. Mtu anayemeza miligramu 300 akipandishwa hadi 400 mara moja anaweza kuruka kutoka kiwango kisichotosha hadi sumu. Nyongeza karibu na hapo ziwe za miligramu 25 hadi 50. Kiwango kinachotakiwa ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Juu ya 20 macho huanza kuchezacheza, kwenye 30 mtu hutembea kama mlevi, kwenye 40 hupumbaa. Wako watu waliofukuzwa kazini kwa ulevi ambao hawajawahi kuonja pombe.

Ikitolewa kwa mshipa, ichanganywe na maji ya chumvi, kamwe si ya glukosi, kwa kuwa huganda na kuwa chembechembe. Isizidi miligramu 50 kwa dakika kwa mtu mzima, la sivyo shinikizo la damu huanguka na moyo kupoteza mapigo yake. Moyo nao una mifereji ya sodiamu. Ikitumika miaka mingi, ufizi huvimba. Kupiga mswaki vizuri hupunguza, hakumalizi.

Kabamazepini ina kituko chake: huamsha vimeng'enya vya ini vinavyoivunja yenyewe. Kwa wiki tatu hadi tano za mwanzo kiwango hushuka bila mtu kupunguza tembe. Mgonjwa aliyetulia mwezi wa kwanza akaanguka wa pili hajarogwa na hajakosea. Wakati wa kupandisha dozi umefika. Upele wowote wenye malengelenge, macho mekundu au vidonda vya mdomoni katika miezi miwili ya kwanza ni wa kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, na tembe inayofuata isimezwe.

Mwalimu anasema mtoto wangu huduwaa kwa sekunde chache, kisha anaendelea kuandika. Alipopewa kabamazepini alizidi. Kwa nini?

Huo ni mshtuko wa kuduwaa, na mashine yake ni tofauti. Chanzo chake ni mzunguko kati ya gamba la ubongo na talamasi, kituo cha katikati kinachopokezana habari. Seli za talamasi zina mifereji ya kalsiamu ya aina ya T, ambayo hufunguka seli ikiwa imetulizwa kupita kiasi, kisha huiwasha kwa mpigo. Kwenye kipimo cha umeme wa ubongo huonekana mawimbi matatu kila sekunde, sawasawa kama ngoma.

Angalia mtego ulipo. Seli za talamasi zikitulizwa zaidi, mifereji ya T hupata nafasi zaidi ya kufunguka. Kwa hiyo dawa za kuongeza nguvu za GABA kama fenobabitoni, na kabamazepini na fenitoini pia, zinaweza kuongeza kuduwaa. Ethosuksimaidi hufunga mfereji wa T wenyewe. Valproeti nayo hufaa. Mwambie daktari mtoto anafanya nini hasa, au mrekodi kwa simu. Video ya sekunde ishirini hubadilisha dawa kuliko maneno ya saa nzima.

Valproeti hufanya kazi wapi?

Kwingi kwa wakati mmoja: hupunguza kuvunjwa kwa GABA, hugusa mifereji ya sodiamu na ya kalsiamu aina ya T. Ndiyo sababu inazima aina nyingi za kifafa. Iligunduliwa kwa bahati nchini Ufaransa mwaka 1962: Pierre Eymard aliitumia kama kimiminika cha kuyeyushia dawa nyingine, na kikaonekana kuwa kimiminika ndicho chenye nguvu.

Lakini kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba, isiwe chaguo la kwanza. Karibu mtoto mmoja kati ya kumi waliopata dawa hii tumboni huzaliwa na kasoro kubwa, kama mgongo wazi, na watatu hadi wanne kati ya kumi huchelewa katika kusema, kutembea au kujifunza. Ambaye tayari anaitumia asiiache ghafla akisoma haya. Aende kliniki kabla ya kushika mimba, abadilishiwe taratibu.

Levetirasetamu na gabapentini je?

Levetirasetamu hukaa kwenye protini ya SV2A, iliyo kwenye vifuko vya kemikali katika ncha ya neva. Haipitii sana kwenye ini, hutoka na mkojo, kwa hiyo haigombani na dawa nyingine. Mtu mzima huanza na miligramu 500 mara mbili kwa siku. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa. Lawama yake kubwa ni hasira. Mke akisema mume amekuwa mkali tangu abadilishiwe dawa, aaminiwe.

Gabapentini ni somo la unyenyekevu. Iliundwa ifanane na GABA, jina lake linasema hivyo, lakini kipokezi cha GABA haikijui. Hushika kipande cha alfa-2-delta cha mfereji wa kalsiamu.

Je, hakuna dawa za kufunga glutameti?

Zipo, ila glutameti inahitajika kwa kumbukumbu na kwa kila wazo, kwa hiyo kuifunga kabisa hakuwezekani. Perampaneli hufunga kwa sehemu kipokezi cha glutameti cha aina ya AMPA. Ketamini, dawa ya kulaza watu kwa upasuaji, huziba tundu la NMDA, na ndiyo maana hutumika hospitali kubwa wakati mshtuko umeshindikana: huenda pale ambapo vipokezi vimeongezeka.

Magnesiamu nayo kwa asili hukaa ndani ya tundu la NMDA kama kizibo. Kwa mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba, sulfeti ya magnesiamu hushinda diazepamu na fenitoini. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwa mshipa na gramu 5 kwa kila kalio, kisha gramu 5 kila saa nne. Kabla ya kila dozi muuguzi hupima mambo matatu: goti linaruka likigongwa, pumzi si chini ya 16 kwa dakika, mkojo si chini ya mililita 100 kwa saa nne. Goti likinyamaza, dozi husimamishwa na kalsiamu glukoneti gramu 1 huwa tayari.

Chang'aa kidogo wikendi ina shida gani?

Pombe hukaa kwenye kipokezi cha GABA-A na kufunga NMDA. Anayekunywa kila siku hupunguziwa nguvu ya GABA na kuongezewa NMDA na ubongo wake mwenyewe ili usawa urudi. Akiacha ghafla, mizani inaelemea upande wa moto: mishtuko hutokea saa 6 hadi 48 baada ya kikombe cha mwisho. Kwa hiyo wengi huanguka Jumatatu, si Jumamosi, na husema pombe haihusiki. Mishtuko hiyo hutibiwa na jamii ya diazepamu, fenitoini haiizuii. Kwa anayetumia fenobabitoni, pombe na dawa hukutana kwenye kipokezi kimoja na usingizi wake unaweza usiwe na asubuhi.

Natumia dawa za ukimwi, au za kifua kikuu, au nimepata malaria. Niambie nini kliniki?

Sema dawa zote, hata za chemisti. Kando ya Ziwa Viktoria, ambako magonjwa haya hukutana kwa mtu mmoja, hapa ndipo matibabu huharibika kimyakimya. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni huamsha vimeng'enya vya ini, na vimeng'enya hivyo havichagui.

Dolutegraviri, dawa ya ukimwi, hushuka. Anayemeza miligramu 50 mara moja kwa siku akiwekwa kwenye kabamazepini huongezwa ifike 50 mara mbili, au abadilishiwe dawa ya kifafa; valproeti na levetirasetamu hazina ugomvi huo. Dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini nayo hushuka ukiwa na kabamazepini au fenitoini. Mwambie mhudumu kabla hajaiandika. Ukipewa, maliza dozi zote sita pamoja na chakula chenye mafuta, na homa ikibaki siku ya tatu rudi upimwe damu upya. Meflokwini, ambayo wasafiri hupewa kujikinga, mwenye kifafa aikatae.

Kwa kifua kikuu mambo huenda pande mbili. Rifampisini huzishusha dawa za kifafa. Isoniazidi huzipandisha fenitoini na kabamazepini. Isoniazidi pia humaliza vitamini B6, na bila B6 ubongo hauwezi kutengeneza GABA. Kwa hiyo ile tembe ndogo ya piridoksini, yaani B6, si pambo. Mtu aliyemeza isoniazidi nyingi huanguka mfululizo na diazepamu hushindwa, kwa kuwa utingo yupo lakini dereva hayupo; piridoksini ndiyo tiba, gramu kwa gramu.

Ongeza hapa siprofloksasini, dawa ya bakteria ambayo huzuia kipokezi cha GABA-A, na tramadoli ya maumivu. Zote mbili huuzwa kirahisi mno.

Sindano, tembe au kijiti cha uzazi wa mpango?

Ukiwa kwenye kabamazepini, fenitoini au fenobabitoni, tembe na kijiti cha mkononi hupungua nguvu, na kijiti kinaweza kushindwa ukiwa bado unakihesabia miaka. Sindano ya miezi mitatu na koili hazipungui. Lamotrijini ni kinyume: tembe zenye estrojeni ndizo huishusha yenyewe.

Nina mabuu ya tegu kichwani. Dawa ya kifafa itayaua?

Haitayagusa, hutuliza seli zilizo kando yao. Albendazoli huua mabuu, pamoja na dawa ya kuzuia uvimbe, na hutolewa baada ya picha ya kichwa, si kwa kubahatisha. Fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni hupunguza kiwango cha albendazoli, kwa hiyo daktari ajue.

Sijaanguka mwaka mzima. Kwa nini nisiache?

Kwa kawaida mazungumzo ya kuacha huanza baada ya miaka miwili bila mshtuko hata mmoja. Hata hapo haiachwi kwa siku moja. Kwa miezi na miaka ubongo umejipanga kwa kuwa dawa ipo: vipokezi vimepungua, vingine vimebadilika umbo. Ukiiondoa ghafla, unaachwa na breki chache kuliko ulizokuwa nazo kabla ya kuanza. Fenobabitoni na klonazepamu ndizo mbaya zaidi kwa hili. Fenobabitoni hupunguzwa, kwa mfano, tembe moja ya 30 kila mwezi.

Hili linawahusu pia walioishiwa. Tembe zikibaki za wiki moja, anza kuzitafuta, kwa sababu zahanati inaweza kukosa na ukahitaji kwenda hospitali ya kaunti, Kakamega au Nakuru, au Jaramogi pale Kisumu, ambayo wengi bado huiita Russia. Ukisahau dozi, meza unapokumbuka. Kama ya pili imekaribia, acha ile uliyosahau. Usimeze mbili kwa pamoja, na kwa fenitoini hasa.

Je, namna ya kuziweka ina maana?

Ina maana kuliko watu wanavyodhani. Fenitoini ya maji hutulia chini ya chupa. Isipotikiswa, mtoto hunywa maji matamu wiki ya kwanza na sumu wiki ya mwisho. Mama hushangaa kwa nini alianguka mwanzoni mwa mwezi na kuyumba mwishoni. Tikisa kila mara, pima kwa bomba au kijiko cha dawa, si cha chai. Tembe za kabamazepini hunywa unyevu wa hewa, zikawa ngumu na kutoyeyuka vizuri tumboni. Kwa joto na unyevu wa Kisumu, zibaki kwenye kopo lake lenye kifuniko, mbali na jiko na bafu, na usizihamishie kwenye karatasi ya gazeti mfukoni.